Siku Niliyotaka Kukidanganya Kipimo cha Kiuno

Jamani, hili nalisimulia nimefunika uso, maana mpaka leo nikipita karibu na ile zahanati ya Mabatini nageuza shingo kama sijawahi kufika pale.

Mama yangu ana kisukari, mguu mmoja umeshakatwa, kwa hiyo hofu naamka nayo, nalala nayo. Nilipopima, sukari ilikuwa ya kawaida, nikashangilia, ila daktari akanituliza: "Sukari ni nzuri, lakini huenda mwili wako unatumia insulini nyingi mno kuishikilia hapo. Njoo asubuhi hujala, tupime sukari na insulini kwenye damu hiyohiyo, na kiuno tukipime, maana mafuta ya tumboni huchangia." Usingizi ukapotea. Damu siwezi kuidanganya, nikawaza, lakini kiuno? Nikavaa mkanda wa kubana tumbo (ule wa kuendea harusini), nikaufunga mpaka kishikizo cha mwisho.

Nafika, nani yuko kwenye benchi? Baba mkwe, kaja kupima presha!

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unaumwa?"

"Hapana baba, napita tu." (Napita tu, zahanati, njaa inaunguruma!)

Foleni haisogei, pumzi inaishia kifuani, mapigo ya moyo nayasikia masikioni, nataka kwenda chooni niulegeze ule mkanda lakini naogopa ataniuliza tena. Waliponiita nikasimama, ukuta ukainama, nikaanguka miguuni pa baba mkwe.

Nazinduka nasikia watu: "Mjamzito huyo, mpeni hewa!" Nesi akashusha zipu ya gauni, akavuta kishikizo, mkanda ukafyatuka paa! tumbo likamwagika mbele ya foleni nzima, na baba mkwe, kageukia ukutani, ananyoosha koti lake kwa nyuma: "Mfunikeni mwanangu, jamani!"

Nilipimwa huku nalia. Majibu: sukari ya kawaida, insulini juu, na kiuno, bila mkanda, kimezidi. Daktari akasema tumewahi, nipunguze vitu vitamu na nitembee kila siku.

Nilijua baba mkwe hatanitazama tena. Jioni akapiga simu, akakohoa weee, mwishowe akasema, "Mwanangu, nilisikia wanakupima insulini, na mimi nimewaambia wanipime. Nilikuwa naogopa kuuliza."

Nikakaa chini nikacheka huku machozi yananitoka. Nimeapa: kupimwa nakwenda nilivyo, na mkubwa wangu akiniuliza kama naumwa, namwambia naogopa.