Do Mbili, Kibao Kimoja

Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1996, Melkiadi Nzeyimana alipewa kibali cha siku moja kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba kwenda Mpanda mjini. Kwenye nafasi ya sababu, karani aliandika: kupiga muziki.

Alikwenda na vijana watano aliowafundisha muziki, tarumbeta tatu na tromboni mbili. Wa sita aliwasubiri mtaa wa Kashaulili, pale mjini: mzee Makarius, aliyewahi kupiga saksafoni kwenye bendi ya dansi Tabora. Kwa miezi miwili walikuwa wakifanyia mazoezi kibao cha jazz alichotunga Melkiadi, kila upande kwake, kwa karatasi za do-re-mi kama za kwaya. Kilikuwa kibao chake cha kwanza kukubaliwa kupigwa mbele ya watu, kwenye jubilei ya parokia, saa tano.

Saa tatu na nusu, nyuma ya kanisa, walipiga pamoja kwa mara ya kwanza. Saksafoni ilipoingia tu, Mama Getrude, mwenyekiti wa kamati, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Jamani, nyie mnachinja nini huku?"

"Tunajaribu, mama," alisema Melkiadi.

"Kwaya ina nyimbo za kutosha. Nikirudi saa nne na nusu bado mnalia hivi, nawafuta kwenye ratiba."

Makarius alimgeukia Melkiadi. "Hawa vijana wako wamekunywa nini?"

"Sisi tuko sawa, mzee," alijibu Rénovat wa tarumbeta ya kwanza. "Labda hiyo saksafoni imezeeka na mwenyewe."

Melkiadi hakucheka. Alimwomba kila mmoja apige do peke yake. Tarumbeta na tromboni zilikubaliana. Saksafoni ilitoa sauti nyingine kabisa. Hapo Melkiadi akaelewa. Alikulia kwenye kwaya, ambako do ni pale mwalimu anapoitoa, akasahau kwamba kila aina ya chombo huzaliwa na do yake.

"Kosa ni langu," alisema. "Mzee, unaweza kuhamia do yetu?"

"Vidole vimeshakariri. Nikihama leo, nitakuaibisha."

Bila solo ya Makarius, kibao kilikuwa kiitikio kitupu. Melkiadi aliangalia saa: zilibaki dakika hamsini Mama Getrude arudi.

"Wekeni vyombo chini. Mzee, tupe do yako."

Makarius aliipiga. Wale watano, wanakwaya wote, waliimba sehemu zao juu yake, mara mbili, mara tatu, mpaka sauti zikakaa. Kisha wakachukua vyombo na kuzitafuta sauti zile zile, do yao mpya ikiwa fa ya zamani.

"Mwalimu, mstari wa mwisho uko juu mno," alilalamika Rénovat. "Mdomo utapasuka."

"Shuka oktavu."

"Utapoa."

"Upoe, lakini uwepo."

Mama Getrude alirudi kabla ya muda. Alisimama mlangoni na ratiba, kalamu ikiwa wazi, akawasikiliza mpaka solo ilipoisha. Rénovat alikosea mara moja. Makarius hakukosea.

"Mnaingia baada ya kwaya," alisema, akafunga kalamu.

Saa tano na robo waliingia kanisani, na Melkiadi akawahesabia mpaka nne.