Nicodemo, Mwenyeji wa Dar es Salaam

Pwaa! Ndiyo sauti aliyoikumbuka Nicodemo Akonaay maisha yake yote: muhuri wa ofisi ya utumishi ukitua juu ya fomu yake. Wengine hukumbuka kengele ya harusi. Yeye alikumbuka muhuri, na kila aliposimulia aliupiga upya kwa kiganja juu ya goti, kisha akajicheka kabla wewe hujamcheka.

Alizaliwa Tumati, kule juu kwenye baridi. Akiwa kijana aliteremka tambarare za Hanang kutafuta kazi katika shamba la ngano la serikali. Alianza kwa kushona magunia, akapanda hadi kwenye usukani wa kombaini ya kuvunia, na hapo akakaa miaka kumi na mitatu, akiizunguka ngano tangu ukingoni hadi katikati na kumeza vumbi lake.

Kila baada ya miaka miwili shamba lilimpa mfanyakazi likizo, pamoja na waranti, hati ya safari ya kumfikisha kwao yeye na mke wake. Hapo ndipo palipomuuma. Yoakimu, dereva mwenzake, kwao kulikuwa Songea. Alipita Dar es Salaam kwenda na kurudi, na akirudi alikuwa na maneno ya mwezi mzima. Waranti ya Nicodemo iliishia Tumati. Asubuhi alipanda gari, na jua halijazama mama yake alikuwa amekwisha kumpa jembe.

Kisha mchwa wakala mafaili ya ofisi. Karani mpya, Philomena, aliyehamia kutoka kusini, akamwita kila mtu ajaze fomu upya. Nicodemo alipofika kwenye mstari wa "Mahali pa asili", alilamba midomo, akatazama huku na huku, akaandika: Dar es Salaam. Philomena, mgeni wa huko, hakuweza kumtofautisha mtu wa Tumati na wa pwani. Pwaa!

Safari ilikuwa ya kiangazi, mavuno yakiisha. Nicodemo alianza kuipanga ngano ikiwa bado kijani. Nyuma ya mlango wa chumba chao alichora kwa chaki mji ambao hakuwahi kuuona, akifuata maelezo ya Yoakimu. Aliupanga kama alivyovuna: unaanzia ukingoni, unakata kwa kuzunguka, hurudi nyuma, huachi mstari. Siku ya kwanza bandari na kanisa la Mtakatifu Yosefu. Ya pili sanamu ya Askari, Makumbusho ya Taifa, na Ikulu kwa nje. Ya tatu Mnara wa Uhuru, halafu soko la Kariakoo.

"Baba Konsolata," mkewe Kornelia akauliza, "na kula?"

"Kula wapi?"

"Kula chakula. Siku tatu hizi sijaona mahali ulipochora sahani."

Nicodemo aliokota chaki. Alikuwa amesahau kula. Akachora kiduara kidogo nje ya mji.

Jioni moja Kornelia alimkuta nyuma ya nyumba, amekunja goti, ameelekeza mpini wa jembe kwenye banda la kuku, macho makali. Alikuwa akijifunza kusimama kama yule Askari wa sanamu na bunduki yake, kwa ajili ya picha.

"Kuku wamekukosea nini?" Kornelia akauliza, akaketi chini kwa kicheko.

Siku ya waranti ilifika. Basi hadi Dodoma, treni hadi Dar es Salaam, watu wawili. Philomena alimkabidhi karatasi kwa tabasamu.

"Bwana Nicodemo, wewe mambo yako yamenyooka. Ukistaafu, shamba linakupeleka Dar na mizigo yako. Ukifariki, tunakusafirisha Dar."

"Nikifariki?"

"Si ndiyo mahali pako pa asili? Umejaza mwenyewe."

Nicodemo alicheka njia nzima hadi nyumbani, kicheko cha mtu aliyekalia mwiba. Huko alimkuta mama yake, Hilaria, ameshuka kutoka Tumati kuja kuwaaga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia una kwenu kupya."

Kornelia alikuwa amekwisha kumweleza habari ya fomu. Nicodemo alidhani akiifanya yote mzaha itapita, kwa hiyo akajimaliza mwenyewe: akamsimulia hata maneno ya karani, jinsi atakavyosafirishwa amelala, mikono kifuani, bila kuona mnara hata mmoja. Kornelia alicheka hadi machozi. Mama naye alicheka, meno yake matatu yote nje.

"Na nani atakulilia huko? Yule askari wa shaba?"

"Atalia, mama. Tumezoeana."

"Haya." Mzee alijifuta macho kwa ncha ya shuka. "Basi ule upande wa kaburi la baba yako, ambao kila mwaka nakuachia nikilima, msimu ujao nipande maharage. Udongo wake ni mzuri."

Aliomba chai.

Usiku huo Nicodemo aliutazama mlango wenye mji wake hadi taa ilipokwisha mafuta.

Asubuhi ofisini kulikuwa na foleni ya madereva. Yoakimu alimwona, akapaza sauti: "Mpisheni mtoto wa mjini! Za Kariakoo?"

"Wanakusalimu," Nicodemo akajibu, na foleni nzima ikavunjika mbavu.

Alipofika mezani aliitoa ile waranti, akaisogeza mbele ya karani kwa vidole viwili.

"Imekosewa?" Philomena akauliza.

"Aliyekosea ni mimi. Ule mstari wa asili, dada, nataka kuubadilisha."

"Waranti hii nitaichukua, unajua? Safari ya Dar itakufa."

"Najua."

Philomena akavuta fomu, akashika kalamu. "Niandike wapi?"

Kwenye foleni madereva walitega masikio. Nicodemo, aliyezoea kupiga kelele kuishinda injini, aliinama hadi paji lake likakaribia kugusa meza.

"Tumati," akanong'ona. "Kwa mama."