Tulivyowasha Hita Siku ya Harusi ya Dada

Rejeta ikichemka hutoa harufu ya utamu ulioungua, kama sukari iliyomwagikia jiko la mkaa. Wiki iliyopita niliinusa kwenye gereji moja pale Tabata. Nilikuwa nimekwenda kubadilisha oili tu, na gari lililokuwa likifuka moshi lilikuwa la mtu mwingine. Mafundi walicheka, mwenye gari akashika kiuno, nami nikasogea pembeni nikajifanya napokea simu, maana machozi yalikuwa yananilenga na sikutaka kumweleza mtu. Ninyi nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa dereva. Kwa miaka ishirini na kitu alimwendesha mkurugenzi wa kampuni moja, kwenye gari refu jeusi lenye viti vya ngozi na milango inayojifunga taratibu bila kishindo. Kampuni ilipolichoka ililiuza kwa mnada, na baba akalinunua. Mama alikaa siku mbili bila kumsemesha. Tulikuwa tunaishi Kimara, kwenye nyumba ambayo upande wa nyuma haujapigwa hata plasta, halafu uani limeegeshwa gari la mkurugenzi.

Majirani walituita matajiri, hawakujua yaliyotusibu. Lile gari lilikuwa na shokapu za upepo. Usiku upepo ulitoka, asubuhi tukalikuta limelala chini kama kuku anayeatamia. Spea zake hazikushikika kwa bei, kwa hiyo fundi Saidi alizing'oa akafunga springi za pikapu, na toka siku hiyo gari la bosi likawa linaruka kwenye matuta utadhani limebeba saruji. Kioo kimoja cha nyuma kilishuka kikagoma kupanda, tukakibana kwa kabari. Kiyoyozi kilikufa. Taa ya injini iliwaka miezi mizima, baba akaibandika solotepu nyeusi akasema tusiiangalie sana, itaona aibu. Mama alisema ng'ombe wa maskini hazai. Baba akamjibu kwamba huyu hatakiwi kuzaa, anatakiwa kufika kanisani.

Hiyo ndiyo ilikuwa nadhiri yake. Dada Oliva, mkubwa wetu, alikuwa ameposwa, na baba aliapa kwamba binti yake atashuka kwenye gari lile mlangoni pa kanisa. Mjomba alijitolea gari lake, dogo lakini jipya, lenye ubaridi. Baba alishukuru akakataa.

"Miaka yote nimewafungulia milango mabinti wa watu," alisema. "Wangu nitamfungulia siku hiyo moja."

Kazi yangu mimi, niliyekuwa na miaka kumi, ilikuwa maji. Rejeta ilivuja kidogo kidogo, na kulanti ya dukani, ya kupoozea injini, hatukuiweza kila wiki, hivyo baba aliongezea maji. Lakini hakutaka maji yoyote tu. Bomba la Kimara lilitoa maji siku lilipopenda, na watu wengi walitumia kisima cha jirani yetu, ambacho maji yake yalikuwa na chumvi hadi sabuni haitoi povu. Baba alinionya mara nyingi kwamba chumvi inakula rejeta. Maji ya gari niyachote bombani kwa mama Rozi, kule juu mlimani, niyatie kwenye dumu la bluu linalokaa kwenye buti.

Mimi niliona hayo ni maringo. Sisi wenyewe tuliogea maji ya kisima, iweje chuma kichague? Mlima ulikuwa mkali, na kisima kilikuwa hatua thelathini tu kutoka mlangoni. Kwa miezi mitatu nilichota kisimani, nikakaa nyuma ya choo kwa muda unaotosha kwenda mlimani na kurudi, kisha nikaingia ndani nikihema kwa bidii.

Siku ya harusi ikafika. Ndoa ilikuwa saa sita mchana, kanisa la Tabata. Padri alikuwa na ndoa nyingine saa saba, na alishatangaza kwamba atakayechelewa atasubiri za wenzake ziishe. Mbele ilitangulia pikapu ya matarumbeta, tukafuata sisi, nyuma yetu gari la mjomba likiwa na mama na wazee wawili wa upande wa bwana harusi waliokuja kutuchukua. Dada na msimamizi wake walikaa nyuma, mimi nikakaa mbele na gauni lililonikwaruza shingo.

Mshale wa joto ulianza kupanda kabla hata ya Ubungo. Tulipopinda kuelekea Tabata, boneti ilikuwa inafuka moshi na ile harufu imejaa ndani. Baba akaegesha. Wapiga matarumbeta nao wakasimama, lakini hawakuacha kupiga, na watu waliokuwa kando ya barabara wakaanza kucheza. Mjomba alishuka mbio akamwambia dada ahamie kwake. Baba alingoja injini ipoe, akafungua mfuniko kwa kitambaa, akaleta dumu la bluu. Kabla ya kumimina, alijitilia maji kidogo kiganjani, akayaonja.

Akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Wale wazee walikuwa wameshafika wakauliza kulikoni. Baba akajifuta mkono kwenye suruali yake ya harusi.

"Kosa langu," aliwaambia. "Leo sikuangalia maji."

Mzee mmoja akacheka, akasema kumbe hata madereva wa wakurugenzi husahau. Baba alicheka naye kidogo, kisha akayamimina yale yale maji ya chumvi, maana hapakuwa na mengine. Mjomba akamfungulia dada mlango wa gari lake. Dada Oliva alitoa kichwa dirishani na shela lake, akasema, "Asante mjomba, ila mie kanisani nashuka na baba."

Baba aliporudi kwenye usukani alifanya jambo ambalo sijaliona tena. Aliwasha hita, akaifungua hadi mwisho. Alitueleza kwamba hita hunyonya joto la injini na kulileta ndani, kwa hiyo joto tutalibeba sisi. Vioo vyote tukavishusha. Mchana wa Desemba, Dar es Salaam, hita inatupulizia miguuni! Poda ya dada ikaanza kuchirizika, msimamizi akampepea kwa kadi ya mwaliko. Tulisimama mara mbili tena, na kila mara baba alifungua kwa kitambaa, akamimina, akafunga, akasema tunafika.

Tukafika. Padri alikuwa mlangoni anatazama saa. Baba alivaa koti, akafunga vifungo vyote, akazunguka gari kwa mwendo wake wa kazini, bila haraka, akafungua mlango wa nyuma. Dada alishuka na wanja umefika mashavuni, na sijawahi kumwona mzuri kama siku ile.

Kwa miaka mingi niliamini nimeponea chupuchupu. Wakwe walikuwa wanamtania baba kila shughuli, wakimwita dereva asiyeangalia maji. Baba alicheka, nami nikacheka nao. Hilo ndilo linaloniuma. Nilipoanza kuendesha gari langu ndipo nilipoelewa kwamba kuangalia maji ndilo jambo la kwanza la dereva kila asubuhi. Katika miaka yake yote kazini, gari halikuwahi kumchemkia njiani. Hilo lilikuwa jina lake, na alilitoa pale barabarani, mbele ya wakwe, ili mtoto asibebe lawama ya harusi nzima.

Pasaka iliyopita tulikusanyika kwa dada Oliva, na mkwe mmoja akaanzisha hadithi ile. Safari hii nilisimama. Nikawaeleza habari ya kisima, ya mlima, na miezi yangu mitatu ya kujificha nyuma ya choo. Wote wakamgeukia baba, ambaye sasa ana mvi kichwa kizima.

"Msimsikilize huyu," alisema, uso mkavu. "Anapenda kunitetea. Maji sikuyaangalia mimi."

Na wakamwamini yeye.