Mashine Ilisema Malka Iko Wazi, Nami Nikanyamaza

Admin, nifiche kabisa, hata jina la kampuni usiliguse. Garsen ni ndogo, hata mbuzi wa stendi wanajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, Mpokomo, mzaliwa wa huku huku, nimeajiriwa na kampuni ndogo ya kompyuta hapa mjini. Nimechumbiwa, au niseme nilikuwa nimechumbiwa, na kijana mfugaji wa Kiorma, nitamwita Guyo. Mama yangu alimkataa mwaka mzima. "Mimi nilime, yeye alishe?" ndiyo ilikuwa kauli yake. Guyo akaja kwa adabu, akafukuzwa, akaja tena, mpaka mama mwenyewe akawa anamuulizia asipomwona. Nikajiona nimefika, wapendwa.

Sasa kazi yangu. Wenyeji mnaijua malka, njia ya ng'ombe kushuka mtoni kunywa maji, nayo inapita katikati ya mashamba yetu. Zamani kila kiangazi ilikuwa fimbo na panga. Kamati ya wakulima na wafugaji ikaipa kampuni yetu kazi: mfugaji aombe kwa simu, mwenye shamba ajibu ndiyo au hapana, mfugaji atumiwe ruhusa. Ndani yake si programu moja, ni kadhaa, kila moja na kontena lake. Msifikirie yale makontena ya bandarini. Fikirieni masufuria, kila moja na jiko lake, ukiepua wali maharagwe yanaendelea kuchemka. Moja inapokea majibu ya wakulima, nyingine inatuma ruhusa kwa wafugaji. Uzuri wake ni kwamba unabadilisha moja bila kuzima zingine. Ubaya wake ndio ulionileta hapa nalia.

Bosi wangu alibadilisha ile ya kutuma ruhusa, hiyo peke yake, Ijumaa watu wakiwa msikitini. Hakuniambia, hakujaribu kwanza. Hiyo mpya haikuelewana na ile ya kupokea majibu. Jibu la mkulima linafika huku, kule halionekani. Na programu mpya ikishangoja bila kuona jibu, inahesabu kwamba mkulima amekubali. Ati kimya ni ridhaa! Kama mwali anayeulizwa posa!

Guyo akaomba kupitisha ng'ombe kwenye malka iliyopakana na shamba la mama. Mama akajibu hapana, kwa sababu viboko walikuwa wamebomoa ua na mahindi yameanza kubeba. Guyo akapokea ujumbe kwamba malka iko wazi. Akashusha ng'ombe alfajiri, nao hawajaona kijani tangu vumbi lianze, wakapitia ule ua uliobomoka wakayala mahindi ya mama. Wueh! Nilipofika, mama alikuwa ameketi chini ameshika bua moja la mahindi. Guyo amesimama mbali, simu mkononi. "Mama, niliruhusiwa wallahi, njoo utazame." Mama akamjibu, "Nilikataa kwa kidole changu hiki. Utanifundisha nilichobonyeza?" Wote wawili walikuwa wakweli.

Nikakimbia ofisini, nikafungua kumbukumbu za mashine, nikaiona "hapana" ya mama imekaa pale pale ilipofikia. Bosi akaja akasimama nyuma yangu. "Dada, funga hiyo. Kamati ikijua, kazi imekwenda, na mshahara wako ndio unaolisha nyumba ya mamako. Nitarekebisha polepole." Akarekebisha kweli. Sasa kila anayeijaribu anaona haina kosa, na Guyo ndiye anayeonekana mwongo.

Kamati ikakaa. Wakulima wakasema Guyo ametunga ule ujumbe mwenyewe. Vijana wa upande wake wakasimama, wa upande wetu nao wakasimama. Mwenyekiti akawatuliza, akanigeukia mimi: "Binti, wewe ni mtu wa mashine. Mashine ilikosea?" Bosi alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Guyo akaniangalia, na hakuwa na wasiwasi hata chembe, jamani, hilo ndilo linaloniua. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeona mtu wake amefika. Mimi nikainamisha kichwa. Mwenyekiti akangoja, akangoja, kisha akasema, "Basi, amenyamaza. Mashine haina kosa." Guyo akafungiwa malka zote mpaka mvua inyeshe.

Mvua! Mnaokijua kiangazi cha huku mnanielewa. Ng'ombe wake wanaramba tope kwenye dimbwi na juzi ndama wawili hawakuamka. Dada yake alinipigia simu: "Ulimpenda, au ulikuwa unampima?" Mama naye ananibembeleza, ananipikia, ananiambia afadhali tumemjua kabla ya ndoa. Kila akimtukana Guyo mbele yangu natamani ardhi ipasuke, lakini nami sifungui mdomo.

Kamati inakutana tena wiki hii. Bosi ameshaniambia nikisema lolote atanisingizia kwamba mimi ndiye niliyebadilisha, kwa kuwa jina langu ndilo linalofungua mashine. Tena naogopa zaidi ya hilo. Watu wakijua mashine ilidanganya, nani ataingoja tena? Si watarudia panga? Na nikinyamaza, ng'ombe watakufa, na Guyo atabaki na jina la mwongo kwa kosa ambalo si lake.

Yeye hajanitukana. Alituma neno moja tu: "Ulijua?" Nimeliandikia jibu mara kadhaa na kulifuta. Nami naijua mashine yetu ilivyokuwa siku ile, ikingoja isipate jibu, inahesabu ni ndiyo. Naona hata Guyo ameanza kuhesabu hivyo, maana simu zangu hapokei tena.

Ndugu zangu, matusi nitayapokea, nimeyachuma mwenyewe. Ila nielekezeni: nianze na kamati, nianze na mama, au nianze na yeye? Nishaurini leo, si kesho. Ng'ombe hawajanywa.