Kichwa Kipya cha Babu Mlenga Shabaha

Pandu, fundi wa vyombo vya shaba na fedha katika mtaa wa Mayfair, hajapata kumaliza kazi bila kuitia utundu. Mwenye nyumba alipomwagiza kishikio cha mlango, alikipa umbo la sikio, maana mzee yule akilalamikiwa hasikii. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa kikombe cha klabu ya walenga shabaha!

Kilikuwa kikombe kikubwa cha fedha, na juu ya kifuniko alisimama mtu mdogo mwenye bunduki, hana kichwa. Bwana Terblanche, mwenyekiti wa klabu, alikileta mwenyewe amekipakata kama mtoto mgonjwa, akasimulia historia yake bila kuombwa. Babu yake ndiye aliyekitoa, na tangu hapo kinashindaniwa kila mwaka kwa bunduki za kizamani. Mshindi mmoja alikwenda nacho shambani akafa, mjane wake akawa anakitumia kuchotea mahindi ya kuku. Mwaka jana mshindi mwingine alikirusha juu kwa furaha, kikamponyoka, kichwa cha yule mtu mdogo kikang'oka, kikabingirika mtaroni kikapotea. Yule mtu mdogo ndiye babu mwenyewe.

"Picha yake unayo?" Pandu akauliza.

"Ziliungua zote na jengo la zamani la klabu. Mimi sikumwahi. Mfanye tu aonekane mtu wa heshima. Ukitupendeza, nitakuletea vikombe vyote vya klabu."

Pandu akatafuta mtu wa heshima wa kumwiga, na hakwenda mbali. Karakana ilikuwa na kioo. Kazi ilipokwisha, chini ya kofia pana ya babu palikuwa na masikio ya Pandu yaliyochomoza, pua yake, hata lile shavu linalovimba anapozuia kicheko.

Mkewe, Mayasa, alipokiona alishika mdomo. "Baba Mwanaasha! Huyu si wewe?"

"Kidogo tu."

"Kidogo? Wakikutambua, kazi yote hiyo imekwenda, na jina lako litachafuka kuanzia hapa mpaka mtaa wa Hillbrow. Kitoe!"

Safari hii Pandu aliogopa kweli. Akashika koleo, lakini lehemu ilikwisha kushika, na kabla hajawasha moto wa kuiyeyusha, gari la Bwana Terblanche likasimama nje.

Mzee akavaa miwani. Akakitazama kichwa, akamtazama Pandu, akakitazama tena.

"Eish," mzee akasema kwa mshangao. "Masikio haya! Baba yangu alikuwa nayo hayahaya. Umejuaje?" Akainama, akambusu yule mtu mdogo kwenye paji la uso. "Kesho nakuletea vilivyobaki."

Pandu akajifanya anapangusa koleo. Shavu lilikwisha kuvimba. Mayasa, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akasema kwa Kiswahili, ambacho mzee hakukijua, taratibu na kwa adabu zote:

"Hongera, mume wangu. Kumbe tuna mjukuu mkubwa hivi, na hata chai hatujampa."