Sikio la Ng'ombe wa Mama Selina

Evance hakuwa mtu wa kukaa. Studio yake ya Maili Moja, Kibaha, ilikuwa na viti vinne, vyote vya wateja. Yeye alizunguka kati ya pazia la maua na kompyuta kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo hospitali ya Tumbi. Kila picha yake ilitoka na jina pembeni kwa herufi za kujikunja: Evance Classic. Kamera ilihifadhi picha mbichi, nzito kama gunia la mkaa, ili azipike mwenyewe baadaye: kivuli kidogo hapa, nyuma pafifie, bibi harusi ang'ae. Hata ng'ombe aliwapiga picha hivyo.

Na ng'ombe ndiye aliyemleta Holo asubuhi hiyo kutoka Mzenga. Binti yake Selina alipoolewa mwaka jana, mahari ilikuja na mtamba mmoja wa mama mzazi: wake Holo, si wa mumewe wala wa shemeji zake. Siku ileile mtamba akakatwa sikio alama ya ukoo, pengo kama mkia wa mbayuwayu, Evance akapiga picha. Sasa mtamba alikuwa amepotea, akakamatwa, akafungiwa zizi la mifugo isiyo na mwenyewe. Jirani mmoja alikuwa anadai ni wake, eti sikio lilikatwa juzi tu. Usipopatikana ushahidi, mnada ni leo baada ya adhuhuri.

Ofisi ya zizi ilipokea ushahidi kwa faksi. Picha ya WhatsApp haigongeki muhuri. Nywila ya barua pepe ilikuwa na afisa aliyekwenda masomoni.

Faksi Evance alikuwa nayo. Aliirithi kwa mpangaji aliyemtangulia, akaifanya meza ya maua ya plastiki. Akayaondoa maua, akaiunga na kompyuta. Ikakataa picha mbichi. Ikataka faili la TIFF, la rangi nyeusi na nyeupe tupu. Kijivu haikukitambua, na sanaa yote ya Evance ilikuwa kijivu.

Akabadilisha picha aliyoipenda kuliko zote, akatuma, akapiga simu.

"Imefika, kaka," alisema Fadhila wa ofisini. "Evance nimemwona vizuri sana. Ng'ombe simwoni."

Jina lilikuwa limekaa juu ya sikio.

"Mwanangu," Holo alisema, "wewe ndiye uliyepotea au ng'ombe wangu?"

"Subiri, mama Selina. Ni mambo ya mwanga."

"Mwanga ninao nyumbani. Nataka ng'ombe."

Akafuta jina. Mkono ulisita, lakini akafuta. Akatuma tena, akasimama mlangoni, akarudi, akasimama tena mlangoni.

"Safari hii naona mkaa," Fadhila alisema. "Mkaa mzuri tu, wa mkorosho. Watu wa mnada wameshaanza kuja, kaka."

Mtamba alikuwa wa kahawia, boma nyuma yake la kahawia, jioni ya kahawia. Machoni pa Evance ilikuwa dhahabu. Faksi ilivipika vyote vikawa sufuria iliyoungua. Alipunguza weusi, sikio likatoweka lote. Aliongeza, boma likamla ng'ombe.

Holo akasogea, akaanza kutazama picha zikipita. "Hiyo."

"Hiyo imeharibika, mama. Nilipiga kuelekea jua. Nilitaka kuifuta, nikapitiwa."

Ilikuwa aibu kwa fundi: mbingu nyeupe pe, ng'ombe kivuli kitupu, na nyuma yake Selina wa harusi, mweusi tii na shela lake. Lakini sikio lilisimama mbele ya mbingu, na pengo lake wazi.

Akaibadilisha. Hakukuwa na cha kupika. Akatuma.

Simu ililia kabla hajaifikia.

"Sikio hili hapa," Fadhila alisema. "Na bibi harusi nyuma yake, kwa hiyo hilo dai la kukatwa juzi halikubali. Nimeshagonga muhuri. Mama aje, tena aje na kamba. Huyu ng'ombe wake hana adabu."

Holo hakusubiri kuelezwa. Kanga begani, akamwita bodaboda kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe.

"Picha yako, mama!"

"Weka wewe! Mimi nina ng'ombe."

Evance akabaki na kompyuta. Akaifungua tena ile picha mbovu, akaitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akavuta kiti cha wateja, akakaa. Kisha akaandika jina lake pembeni, mbali na sikio.