Jiwe Nililosugulia Visigino

Nyinyi wajukuu mnaosemeshwa Kiswahili mkajibu Kiingereza, kaeni msome kisa hiki mpaka mwisho. Kimenipata mimi, asubuhi kweupe, kwenye lifti ya jengo letu hapa mtaa wa Dixon, huku ughaibuni. Sikuota, wala sikuwa na homa. Shule niliacha darasa la nne, lakini macho yangu yanaona.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mira, Myahudi wa Sarajevo. Miaka mingi tunanyweshana kahawa chungu, Kiingereza chake kibovu na changu kibovu, tunaelewana. Januari ile mjukuu wake wa pekee alikuwa anaolewa, na Mira akasema haendi harusini.

Nikamwuliza, una wazimu? Ndipo akanieleza. Mji wao ulipozingirwa vitani, askari walikaa kilimani, kwenye makaburi ya kale ya Wayahudi. Walijificha nyuma ya mawe ya makaburi wakipiga risasi mitaani. Na mama yake amezikwa palepale.

"Walimfanya mama yangu ngao," akasema, "wakanilenga mimi."

Kwao ukizuru kaburi unaweka kijiwe juu yake, alama kwamba ulifika. Mara ya mwisho Mira aliweka kijiwe cheupe, akakitia tone la rangi ya kucha, nyekundu, ili akirudi akitambue. Hakurudi. Alikimbia mji bila kumuaga mama yake, na hajui kama kaburi bado limesimama. Akaapa hatacheza ngoma mpaka ajue.

Nikamwambia, "Mira, unamwadhibu bibi harusi kwa makosa ya askari." Akanifungia mlango.

Ijumaa natoka kufua kule chini, kapu mkononi. Lifti ikafunguka, ndani yumo bibi wa Kizungu, mkongwe hasa, ameniacha mbali kwa umri. Nje theluji imefika magotini, lakini viatu vyake vina tope na majani mabichi. Ulimi ukaniponyoka: "Shikamoo." Nikajicheka moyoni, mtu mzima mimi namwamkia Mzungu.

Akajibu, "Marahaba, mwanangu."

Wallahi sisemi uongo. Tena kilikuwa Kiswahili cha kwetu Tanga, kile cha mama zetu. "Wameingia watu wengi humu na simu zao," akasema, "hakuna aliyeniamkia. Mpe Mira hiki. Mwambie akacheze." Akaniwekea kijiwe chenye tope juu ya foronya zangu safi.

Mimi nikadhani ni ndugu wa kina Mira amekuja harusini, labda mmoja wa wale Wazungu waliozaliwa kwetu. Lifti ilipofika kwetu nikashuka. Mlango ukajifunga, nikaisikia lifti inapanda. Nami hata sikukumbuka kwamba sisi tunakaa ghorofa ya mwisho.

Nikagonga kwa Mira, bado amenuna, hafungui. Basi nikakitazama kile kijiwe, kinakwaruza vizuri. Nikasema kumbe ni jiwe la miguu, bibi harusi analetewa. Visigino vyangu baridi ya huku imevipasua miaka yote. Nikijaribu kidogo, nani atajua? Nikatia maji ya moto kwenye beseni, nikasugua. Tope likatoka. Jiwe likawa jeupe. Nikaona tone jekundu.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mimi nilitoka na miguu ya mapovu, nasoma Ayatul Kursi, nikaupiga ule mlango mpaka akafungua. Mira alikitazama, akaketi sakafuni. Akakinusa.

"Mbona kinanuka sabuni? Umekifanya nini?"

"Visigino," nikasema.

Alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka tena.

Akampigia jamaa yake aliyebaki kule, ambaye miaka yote aliogopa kumwuliza; naye akapanda kilimani siku hiyohiyo, akapiga simu. Kaburi limesimama. Lina matundu ya risasi, halikuanguka. Juu yake pana kidoa kisafi, kadiri ya kijiwe kimoja.

Jumapili nilimfungia Mira kijiwe kwenye pindo la khanga yangu, nikamfunga kiunoni juu ya gauni lake la hariri. Akacheza mpaka wanamuziki wakaomba maji. Vigelegele nilipiga mimi, Wazungu wote wakageuka.

Visigino vyangu mpaka leo ni laini kama vya mtoto mchanga. Njooni mvishike. Lakini msidhani ni mchezo: ningenyamaza kwenye lifti kama nyinyi mnavyonyamaza, Mira angekaa ndani ile Jumapili, na huenda angekaa mpaka kufa.

Ndiyo maana nyumbani kwangu nimeamuru: anayeingia kwenye lifti ataamkiwa, awe nani, atoke wapi. Simu mfukoni. Na akikupa kitu, usikisugulie miguu, kipeleke.